Macho ya Ndege Nyekundu

Stambuli Farjallah hakuwahi kupanda ndege na hakuwa na nia ya kupanda. Ndege alizozijua ni zile ndogo zilizotua kiwanjani Malindi na kumwaga wageni waliovaa kofia za ukili walizonunua huko huko kwao, na juu ya hizo hakuwa na neno. Chombo alichokijua ni cha majini. Baba yake na babu yake, wote wa Mambrui, walikuwa waunda mashua, na yeye mwenyewe aliunda mashua kumi na nne kabla watu hawajaacha kuagiza mashua wakaanza kuagiza mashine za kusukuma mashua za zamani. Tangu hapo akawa anachonga vijahazi vya urefu wa mkono, vyenye tanga la marikani na kamba za uzi wa kushonea magunia, na kuviuza kwenye kibanda chake mbele ya lango la Hoteli ya Kasa, kusini mwa mji. Wageni walivinunua, wakavifunga ndani ya fulana zao chafu, wakavipeleka katika nchi zisizokuwa na bahari.

Kibandani hapo alikaa miaka kumi na mmoja. Hakukuwa na karatasi iliyosema ni pake. Mwenye hoteli wa kwanza alimwambia, "Kaa hapo," naye akakaa. Mwenye hoteli akafa, hoteli ikauzwa, Stambuli akaendelea kukaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia neno lile limekufa pamoja na mwenyewe.

Mtaani kwake Shela alijulikana kwa mambo mawili: mkono wake na kutoambilika kwake. Mkewe Mastura, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, alikuwa akisema mume wake huamka asubuhi akibishana na viatu kipi kitangulie.

Mwaka 1985, baada ya Idi, mwenye hoteli mpya alimwita ofisini. Alikuwa Mtaliano aliyeitwa Renzo, mtu wa shati la kitani na Kiswahili cha jikoni, yaani kile kinachotosha kuagiza samaki na kumfukuza mpishi. Kando yake alisimama Mwambire, meneja msaidizi, kijana wa Magarini aliyesoma chuo cha hoteli na ambaye kazi yake kubwa, ingawa haikuandikwa kwenye barua ya ajira, ilikuwa kuwaambia watu wawili maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Renzo alitaka mfano wa mbao wa kupamba mapokezi, akaweka mezani picha ndani ya fremu. Ilionyesha ndege ya mashindano ya mbio ya miaka ya thelathini, pua ndefu kama ya samaki chuchunge, rafadha mbili za kuzunguka zikifuatana puani, na chini yake, badala ya magurudumu, vitu viwili virefu vilivyoelea juu ya maji. Kwenye gati walisimama watu sita.

"Huyu mjomba yangu," Renzo akasema, akimgusa mmoja kwa kidole.

"Ndiye rubani?"

Renzo akasita. "Mjomba alikuwa karibu sana na rubani."

Stambuli aliitazama picha vizuri. Mjomba alikuwa ameshika kamba. Mshika kamba naye ni mtu, na chombo kisichoshikwa kamba hujiendea zake. Lakini macho yake yalikuwa yameshateremka kwenye vile vitu viwili vya kuelea. Vilikuwa na mkuku, uti wa chini wa mashua. Vilikuwa na tumbo, na omo mbele na tezi nyuma. Hivyo vilikuwa vyombo, viwili, na juu yake watu wa Ulaya, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walikuwa wamefunga ndege.

"Mwambie nitaunda," akamwambia Mwambire. "Tutalipana siku ya kukabidhiana, mbao na rangi ni juu yangu. Nyekundu kama hiyo?"

"Picha haina rangi, mzee."

"Lakini ilikuwa nyekundu?"

"Nyekundu!" Renzo akasema, akapiga meza. Hilo walilielewa wote bila mkalimani.

Akapewa na mchoro, karatasi kubwa iliyokunjwa mara nane, yenye mistari na tarakimu. Kila sehemu ya ndege ya kweli ilipunguzwa mara kumi. Stambuli aliupeleka nyumbani, akautandaza sakafuni, akaukazia macho asubuhi nzima kama mtu anayesikiliza mashtaka. Kwao hakuna aliyeunda kwa karatasi. Fundi alisimama mbali, akafumba jicho moja, akasema ubao huu haukai, na ubao ukatolewa. Mwishowe alipata njia ya kukubali bila kukubali. Alichukua uzi, akaulaza juu ya mchoro, akafunga fundo kila mstari ulipokatiana na mwingine, kisha akautundika uzi ule kwenye msumari. Nyuzi zikawa kumi na moja. Karatasi akairudisha hotelini.

Renzo aliposikia ndege yake inaundwa kwa uzi alikuja mbio mpaka Shela na rula ya chuma. Akapima hapa, akapima pale, jasho likimtiririka. Tofauti kubwa aliyoipata haikufika unene wa punje ya mchele.

"Muulize," Stambuli alimwambia Mwambire, "hiyo rula yake aliipima na nini?"

Mwambire akatafsiri kwamba fundi anashukuru kwa kutembelewa.

Alianzia chini, kama inavyoanzwa. Wiki tatu zilipita na palipotarajiwa ndege palikuwa na mitumbwi miwili ya kupendeza, ya dhiraa moja moja, yenye mikuku ya mkoko na mbao za mwembe nyembamba kama jalada la kitabu. Ndani alitia mataruma, kumi na tisa kila mmoja, akayafunga kwa vijiti, kisha akafunika sitaha juu yake yasionekane tena milele.

Zubeir, fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa na tabia ya kuhamishia kazi yake kwenye baraza ya Stambuli ili asikose kitu, aliyaona kabla hayajafunikwa.

"Hayo mambavu nani atayaona?"

"Maji."

"Si itawekwa mezani?"

"Wewe suruali unashona mshono wa ndani au huushoni?"

"Naushona kwa kuwa mtu hukaa kitako, bwana wee! Ndege ya mezani itakaa wapi?"

Stambuli akarudi kwenye patasi yake, na Zubeir akalihesabu hilo kuwa ushindi, akalisimulia mpaka sokoni.

Kiwiliwili alikichonga kwa mwembe, akakifukua ndani kwa patasi iliyopinda. Mabawa aliyatoa kwenye ubao laini wa masanduku ya chai. Tabu ilikuwa juu ya mabawa, ambapo picha ilionyesha mistari midogo iliyong'aa. Renzo alieleza kwa mikono kwamba ni shaba, ya kupoza maji ya injini. Shaba nyembamba haikuuzwa Malindi nzima. Stambuli alizunguka nayo kichwani siku nne. Siku ya tano mistari ilipatikana, mizuri, iliyofuliwa kwa nyundo ndogo mpaka ikawa kama utepe, na hakuna aliyemuuliza imetoka wapi.

Kisha rangi. Mwenye duka barabara kuu alikuwa na nyekundu tatu, na Stambuli alizikataa mbili, moja kwa kuwa ilikuwa ya chungwa inayojisingizia, nyingine kwa kuwa ilikuwa damu ya mzee. Ya tatu ilikuwa ya masanduku ya posta. Aliipaka mikono saba, na kati ya mkono na mkono alisugua kwa ngozi kavu ya samaki taa, kama alivyosugua babu yake, kwa sababu msasa wa dukani huacha mikwaruzo na ngozi ya taa huacha kitu kama maji yaliyotulia. Mwezi wa kumi na moja ulipokwisha, mtu aliweza kujiona usoni mwa ndege ile na kurekebisha kilemba.

Hapo ndipo alipotia macho.

Kwa wasiojua: mashua za pwani hii zina macho. Ni mduara wa ubao uliochongwa kila upande wa omo, ukatiwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wapo wanaosema ni ili chombo kione njia, na wapo wanaosema ni urembo tu; Stambuli hakuwahi kuingia katika mjadala huo. Kwake yeye macho yalikuwa jambo la kazi. Hutiwa mwisho, baada ya kila kitu, na hutiwa na fundi mwenyewe, na kila fundi ana yake. Ya baba yake yalikuwa na mwezi mwandamo chini. Yake yalikuwa na mwezi na nukta tatu. Chombo kisicho na macho ni chombo ambacho fundi bado hajasema amekimaliza, na fundi asiyesema amemaliza hana jina. Mashua kumi na nne zilikuwa zimekwenda na nukta zile tatu. Vijahazi vya wageni hakuvitia hata kimoja. Vile vilikuwa vya kuuza tu.

Ndege hii aliitia. Alichonga macho mawili ya ukubwa wa senti kumi, akayapachika kwa vijiti kwenye pua ndefu, nyuma kidogo ya rafadha. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaitazama. Nayo ikamtazama.

Aliipeleka Alhamisi asubuhi, siku kumi kabla ya karamu ambayo Renzo alikuwa amewaalika jamaa zake kuja kuizindua. Ikawekwa mapokezini juu ya kitambaa cheupe, chini ya feni. Renzo aliizunguka mara mbili, mkono kifuani, na Mwambire aliapa baadaye kwamba machozi yalimlenga. Kisha feni ikafanya kazi yake.

Mgeni mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akahama kiti. Paka akaingia kutoka bustanini, akafuatiwa na wa pili, na wa tatu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kabla ya siku ile. Wakakaa chini ya meza, wakainua nyuso.

Renzo akanusa. "Nini imekufa?"

"Hakuna kilichokufa," Stambuli akasema. "Ni shahamu na chokaa, chini, mdudu asitoboe. Na juu yake kidogo nimepaka sifa, mafuta ya papa, mbao zisipasuke. Chombo cha majini hupakwa."

"Hii kaa mezani!"

Stambuli alifikiri. Alikuwa mtu wa kubishana, lakini hakuwa mtu wa kubishana na paka watatu. "Hapo una haki," akasema. "Kosa ni langu." Akaomba kisu, mafuta ya taa na sabuni, akaichukua uani, akaikwangua mitumbwi yote miwili na kuiosha, kazi ya saa mbili, akairudisha ikiwa inanuka sabuni ya hoteli kama kila kitu kingine hapo.

"Vizuri," Renzo akasema. Akainama, akaelekeza kidole kwenye pua. "Sasa hii. Toa."

"Hiyo sitoi."

Mwambire akasema kwa Kitaliano kwamba mzee ataliangalia.

"Mwambire, mwanangu," Stambuli akasema, "nimekaa langoni hapa miaka kumi na mmoja. Neno la 'sitoi' kwa lugha yao nalijua, na sikulisikia. Mpe lake."

Mwambire akampa.

Ilichukua muda. Renzo alieleza, akiinua sauti kidogo kidogo, kwamba ndege ya kweli haikuwa na macho, kwamba ndege si samaki, kwamba jamaa zake watacheka. Stambuli alijibu kwamba ndege ya kweli haikuundwa na yeye. Iliundwa na mafundi wa kwao, nao walitia alama yao popote walipotia, na yeye hajawaambia wang'oe. Renzo akasema basi, atamwita mpaka rangi wa hoteli ayafute. Stambuli akasema mpaka rangi huyo akae mbali, yeye na brashi yake, kama anaupenda mkono wake. Maneno hayo Mwambire hakuyatafsiri, na safari hii Stambuli alimsamehe.

"Macho toka," Renzo akasema mwishowe, kwa utulivu, na hapo ndipo ilipojulikana amekasirika kweli. "Au kibanda toka. Mpaka Jumamosi."

Stambuli aliinyanyua ndege, akaipakata kama mtoto aliyetahiriwa, akatoka nayo langoni.

Alipofika nyumbani Mastura alikuwa uani anapeta mchele.

"Baba Saleha. Umerudi na ndege."

"Nimerudi nayo."

"Mimi nikidhani ndege huenda."

Akamweleza. Mastura alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupeta.

"Macho mawili, Baba Saleha. Vijiduara viwili. Yang'oe, mpe mtu ndege yake, kibanda kikae. Kesho tutakula nini, nukta tatu?"

"Siwezi kuanza kung'oa. Leo ni macho, kesho atataka mabawa niyatoe. Na yale mabawa yana dele la kahawa la mamako."

Ungo ukasimama.

"Yana nini?"

Stambuli alijua amekwisha sema.

"Dele la mamangu uliniambia umelipeleka kutiwa kiraka!"

"Lilikuwa limetoboka."

"Nalijua limetoboka! Ndiyo maana lilikwenda kutiwa kiraka!" Mastura akaweka ungo chini, akaja, akaiinamia ile ndege. Alipitisha kidole juu ya mistari ya shaba, bawa moja, kisha la pili. Akachukua ncha ya leso yake, akaifuta alama ya kidole chake mwenyewe.

"Basi sikiliza," akasema. "Humu mna kitu changu sasa. Ukimng'olea macho Mtaliano, na mimi nang'oa dele langu. Chagua."

Ijumaa baada ya sala Mwambire alikuja, viatu mkononi, na uso wa mtu aliyetumwa na asiyetaka kufika. Renzo alikuwa amelegeza kamba. Ndege itakaa ukutani. Basi jicho la upande wa ukutani linaweza kubaki. Litolewe moja tu, la upande wa watu.

Zubeir, aliyekuwa barazani kwa bahati ileile ya kila siku, alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Mwambie," Stambuli akasema, "nami nimelegeza. Nitamuuzia nusu. Ile ya upande wa ukutani."

"Mzee Stambuli, nakuomba kama mwanao. Kesho wataniambia mimi nisimamie kubomoa."

"Simamia. Kazi ni kazi. Sina kinyongo nawe."

Jumamosi askari wa hoteli walikuja na nyundo. Stambuli alikuwa amekaa hapo kando juu ya jiwe, mikono magotini. Alistahimili mpaka askari alipopiga ubao wa kwanza ukapasuka.

"Msumari haung'olewi hivyo," akasema, akainuka, akachukua nyundo, akakivunja kibanda chake mwenyewe, msumari mmoja mmoja, akainyoosha misumari na kuitia mfukoni. Adhuhuri palikuwa tupu, na mbao zote zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya mkokoteni. Askari wakamsaidia kusukuma. Hawakuuliza anakwenda wapi, na walishangaa kidogo alipopinda kuelekea baharini.

Jumapili asubuhi, mbele ya ukuta wa Hoteli ya Kasa, upande wa ufuo, palikuwa na meza. Juu yake vijahazi tisa, na katikati ndege nyekundu yenye macho, ikitazama hoteli. Wageni waliokuja kuoga wakaizunguka. Waliuliza bei ya ndege, na Stambuli akawaambia haiuzwi, jambo ambalo liliwafanya wanunue vijahazi kwa hasira.

Renzo akamtuma Mwambire amwondoe. Mwambire alikwenda kwanza kuitazama ramani ya kiwanja, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, na alirudi akiwa ameipoteza ile sura ya kutumwa.

"Mzee, ramani yasema hoteli inaishia maji yanapofika yakijaa. Kutoka hapo kwenda chini ni pa serikali."

"Na maji yakijaa yanafika wapi?"

"Haisemi. Yasema tu yakijaa."

"Basi wamemwachia anayejua," Stambuli akasema.

Naye alijua. Maji yalipokuwa mafu, yasiyopanda sana, ufuo ulikuwa mpana na meza ilikaa starehe. Yalipopanda, aliisogeza, yakishuka akaisogeza tena, na kila mara miguu ya meza ilikaa kwenye mchanga uliolowa, isiingie mchanga mkavu hata upana wa kidole. Renzo alikuja na rula yake akarudi nayo. Lakini mwezi ulikuwa ukiandama na bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya, lilikuwa linakuja. Kila siku maji yalipanda zaidi ya jana, ufuo ukapungua, na meza ikawa karibu zaidi na ukuta. Jumamosi palibaki nafasi ya mtu kulala.

"Kesho ndiyo karamu," Mwambire akamwambia kwa upole. "Saa kumi na nusu alasiri maji yatagusa ukuta. Hapatakuwa na ufuo, mzee. Bwana Renzo naye amehesabu."

"Amehesabu sawa."

"Basi kesho usije. Upumzike."

"Mwambire, pakiwa hapana ufuo patakuwa na nini?"

"Bahari."

"Na bahari ni ya hoteli?"

Jumapili jamaa wa Renzo walikuwa juu ya ukuta, glasi mikononi, wanaume wa makoti meupe na wanawake wa miwani mikubwa, na nyuma yao, mapokezini, meza yenye kitambaa cheupe na juu yake picha ya watu sita kwenye gati. Chini yao Stambuli alisimama na meza yake. Vijahazi alikuwa ameviacha nyumbani. Maji yalifika kwenye vifundo, yakafika kwenye mashavu ya miguu. Mastura, ambaye hakuwahi kukanyaga hoteli ile tangu ijengwe, alikuwa amekuja na buibui lake limekunjwa magotini, akashika ncha nyingine ya meza isiondoke.

"Mzee Stambuli!" Mwambire aliita kutoka juu. "Maji yamekufika!"

"Yamenifika miguuni!" Stambuli akajibu. "Huko kwenu yamefika ukutani!"

Mtu juu ya ukuta akacheka, na Renzo, aliyekuwa mbele, hakugeuka kumtazama ni nani. Maji yalipofika magotini na meza ikaanza kutikisika, Stambuli aliinyanyua ndege kwa mikono miwili, akaishusha, akaiachia.

Iliinama kidogo kushoto. Taruma moja huko ndani, alifikiri, alilikaza kuliko wenzake. Kisha ikakaa. Wimbi likapita chini yake, mitumbwi ikainuka na kushuka, na nyekundu yake ikavunjika majini vipande vipande na kujikusanya tena. Juu ya ukuta watu wakasogea ukingoni kuitazama. Upepo uliisukuma, ikaanza kugeuka pole pole, ikielekeza pua yake kwenye bahari kuu na mgongo wake kwa waalikwa.

"Ee, yageuka," Mastura akasema. "Igeuze. Waione uso."

Stambuli akanyoosha kidole kimoja, akaigusa mkiani, akaizungusha mpaka macho yote mawili yakawa yanamtazama Bwana Renzo.